Nyumba Niliyoiandika "Haichangii"

Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa dakika nne hivi, ubao wa kuandikia mkononi. Nyumba ya mbao, ghorofa moja juu, kibaraza mbele. Mbao zenyewe hazionekani. Zilishafunikwa zamani kwa mabamba ya plastiki ya rangi ya maziwa, yale yanayopauka kwa jua na kupasuka kwenye kona. Madirisha ya aluminiamu. Kibaraza kimezibwa nusu yake kwa plaiwudi, kikageuzwa chumba. Nikapiga picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Nikateremka kwenye fomu hadi kisanduku cha mwisho, nikaandika: haichangii.

Nikaenda nyumba iliyofuata.

Hii ni wiki ya saba na neno hilo bado limenikaa kooni. Nimeanza kuandika makala haya mara tatu nikaacha, kwa sababu kila mara nilijikuta najitetea. Leo sijitetei.

## Jicho lililofundishwa

Mji wenyewe ni mji wa chuo huko Marekani. Sitautaja, kwa kuwa jambo hili bado liko mezani na wenye nyumba ni watu walio hai. Halmashauri ilitaka kujua kama mitaa sita inayopakana na chuo inastahili kutangazwa kuwa eneo la kihistoria. Ikaajiri mtaalamu, naye akaomba watu wa kujitolea wa kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Nikajiandikisha siku hiyohiyo.

Kanuni tulizofundishwa zinatokana na sheria ya taifa ya uhifadhi ya 1966, iliyopitishwa wakati watu bado wana uchungu wa kituo cha reli cha Pennsylvania kule New York, kilichoanza kubomolewa 1963. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Ili kuingia humo, mahali panatakiwa pawe na umri wa miaka 50 hivi, na papite kwenye mlango mmoja kati ya minne iliyopewa herufi: A ni matukio na mienendo ya historia, B ni watu mashuhuri, C ni usanifu, D ni yale ambayo ardhi au jengo linaweza kutufundisha bado, kama vile mabaki ya kale. Eneo zima likipendekezwa, kila jengo lililomo linawekwa upande mmoja au wa pili: linachangia thamani ya kihistoria ya eneo hilo, au halichangii.

Halafu kuna uhalisi. Jengo linapimwa kwa mambo saba: mahali lilipo, usanifu, mazingira, vifaa, ufundi, hisia, na uhusiano wake na historia inayodaiwa. Mawili ya mwisho ni magumu kuyapima ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara, kwa hiyo tuliyapita haraka. Matano ya kwanza unayaona kwa macho.

Nakiri kazi hii niliipenda sana. Tulifundishwa kusoma zile ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, iliyoanza 1867, ambapo nyumba za matofali zimepakwa waridi na za mbao njano, na kila kibaraza kimechorwa kwa mstari wa nukta. Tulifundishwa kukadiria umri wa nyumba kwa msumari. Ukikuta msumari bapa wenye ncha butu, uliokatwa kwenye bamba la chuma, unaelekea kuwa wa kabla ya miaka ya 1890. Ukikuta wa waya, wa duara, nyumba au tengenezo hilo ni la baadaye. Wiki ya pili ilipoisha nilikuwa naisoma nyumba kwa nusu dakika. Paa, madirisha, nguzo za kibaraza, vifaa vya ukuta. Inachangia. Inachangia. Haichangii.

Haraka ile ilinipa raha, na raha ile sasa inanitia aibu.

## Jikoni

Picha ya ubavuni ilitoka na ukungu, nikarudishwa kuipiga upya.

Safari hii mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye ngazi. Ni bibi mwenye umri mkubwa, Mmarekani mweusi, amevaa sweta ya kiume iliyomzidi mabega. Aliniacha nipige picha, kisha akaniita.

"Unatafuta nini kwangu, mwanangu?"

Nikamweleza yote: mitaa sita, fomu, rejesta. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na ya kwangu umeiandikaje?"

Ningeweza kumwambia bado sijaamua. Nikamwambia nilichoandika. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alishika nguzo, akanyanyuka taratibu, akasema, "Ingia basi."

Kwenye ukuta wa jiko, karibu na mlango wa nyuma, pana kibao cha kijani. Kina kulabu saba za shaba, na chini ya kila kulabu pana namba iliyoandikwa kwa brashi nyembamba, mwandiko wa mtu asiye na pupa: 1, 2, 3, hadi 7. Kwenye kulabu ya 3 na ya 5 funguo bado zinaning'inia. Pembeni, nje kidogo ya mstari, pana msumari wa kawaida usio na namba. Niliuona. Sikuuliza.

Mama yake alipangisha vyumba kwa wanafunzi weusi tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chuo kiliwasajili, kikawafundisha, kikawatahini. Mabwenini hawakuruhusiwa.

"Ada zao walizipokea," alisema. "Kitanda ndicho walichowanyima."

Nikamuuliza kuhusu kibaraza, kwa sababu nilikuwa bado na fomu kichwani. Akasema baba yake alikiziba 1946. Vijana walikuwa wanarudi kutoka vitani, serikali inawalipia masomo kwa ile sheria ya 1944 ya askari waliorejea, na mji mzima hauna pa kuwalaza. Weupe walirundikwa hadi kwenye majengo ya mazoezi. Weusi walikuja kugonga hapa. Baba yake akatafuta mbao na plaiwudi, akaziba kibaraza kwa siku mbili, na siku ya tatu vijana wawili wakalala humo.

Nilikuwa nimeandika kwenye fomu, kwa mkono wangu: "Kibaraza kimeharibiwa kwa ukarabati usiofaa."

Niliporudi nilipokuwa naishi sikuvua hata koti. Nilifungua kijitabu cha kanuni tulichopewa. Kipengele cha nne cha viwango vya taifa vya ukarabati kinasema wazi kwamba mabadiliko ambayo yenyewe yamepata umuhimu wa kihistoria yatunzwe. Nilikuwa nimekipigia mstari kwa kalamu siku ya mafunzo.

## Sikutaka kuamini hadithi tu

Nilijishuku. Labda nimeguswa na mzee mkarimu na kibao cha funguo, nikapoteza upimaji. Kwa hiyo nikaenda maktaba, kwenye vile vitabu vya zamani vya wakazi wa mji, vilivyoorodhesha watu kwa majina, kazi na anwani.

Miji mingi ya Marekani zamani hizo iliweka alama mbele ya jina la mtu mweusi. Katika vitabu hivi ni herufi ndogo c. Nilifuata anwani ya Bibi mwaka hadi mwaka. Jina la mama yake, herufi c, kazi: mfuaji nguo. Chini yake, miaka inavyokwenda, majina ya vijana yanaingia na kutoka: mwanafunzi, mwanafunzi, mwanafunzi. 1947 niliyahesabu tisa. Nikarudia kuhesabu kwa kidole.

Nyumba ya aina hii haikuwa moja nchini. Katika Iowa City, chuo kikuu kilipokea wanafunzi weusi lakini mabweni yake yakabaki yamefungwa kwao hadi 1946. Mwaka 1919 shirikisho la vyama vya wanawake weusi wa jimbo la Iowa lilinunua nyumba ili mabinti wapate pa kukaa. Baadaye Elizabeth Tate na mumewe wakawapangisha wavulana katika nyumba iliyojulikana kama Tate Arms, na 2014 mji huo uliitambua rasmi kuwa alama ya kihistoria. Ukizitazama nyumba hizo mbili kwa jicho la usanifu peke yake utazipita. Ni za kawaida mno. Zilipita kwa mlango A.

Mimi nilikuwa nimesimama mlango C siku zote, nikidhani ndio pekee.

## Mstari kwenye ramani

Hapa ndipo kosa langu lilipogeuka kuwa jambo la watu wengi.

Mpaka wa eneo la kihistoria hauchorwi kwa kufuata kumbukumbu. Unachorwa kwa kufuata wingi: pale ambapo nyumba zinazochangia zimesongamana, mstari unapita nje yake, pale ambapo zisizochangia zinaanza kufuatana, mstari unakatia hapo. Rasimu ya ramani ilipotoka, mstari ulishuka vizuri kwenye mtaa wa maprofesa wa zamani, wenye nyumba za matofali na miti mikubwa, ukafika kona, ukakata kulia. Nyumba ya Bibi ikabaki nje. Pamoja nayo zikabaki nje nyumba kumi na moja za jirani, zote za mbao, zote za watu waliopikia chuo, waliofulia chuo, waliofagia chuo.

Kati ya nne za kwanza baada ya kona, tatu ziliandikwa na mimi.

Sikumwambia mtu kwa siku kadhaa. Niliitazama ramani ile asubuhi na jioni nikijua kwamba kona hiyo ni mwandiko wangu.

Na kinachoweza kuwapata walio nje ya mstari kimeshatokea mahali pengine. Athens, Georgia, palikuwa na mtaa wa watu weusi ulioitwa Linnentown, nyumba za kama familia hamsini, karibu kabisa na chuo kikuu cha jimbo. Januari 1961 chuo hicho kiliwaandikisha wanafunzi wake weusi wa kwanza, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes. Muda mfupi baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 1960, chuo na mji walitumia mpango wa serikali wa kufufua miji kuuchukua mtaa huo, nyumba zikabomolewa, mabweni yakajengwa. Ilichukua hadi 2021 kwa serikali ya eneo hilo kupitisha azimio la kukiri ubaya uliotendeka. Wazee waliokuwa watoto wakati ule ndio waliousukuma.

Hakuna aliyekuwa amejaza fomu yoyote kuhusu Linnentown kusema kwamba ni mahali pa kihistoria. Au labda mtu alipita, akatazama mbao na madirisha, akaandika kama nilivyoandika.

Naamini inawezekana kuona vinginevyo, kwa sababu imewahi kuonwa. Ann Arbor, Michigan, iliingiza mtaa wake wa Old West Side kwenye rejesta ya taifa mwaka 1972. Si mtaa wa majumba makubwa. Ni nyumba za kawaida za mafundi na wafanyakazi wenye asili ya Ujerumani, na watu walisimama wakasema jumla yake ndiyo yenye thamani, hata kama hakuna hata moja ya kuchapwa kwenye kadi ya posta.

## Kikao

Halmashauri iliitisha kikao cha kusikiliza wananchi. Nilikwenda nikiwa na hotuba iliyoandikwa, kurasa mbili. Sikuisoma.

Kabla yangu alisimama mwanafunzi. Alisema wanaishi watano kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kila anaposikia neno "kihistoria" anasikia kwamba hakuna kitakachojengwa. Hakupandisha sauti. Akafuata mmiliki wa nyumba za kupangisha, akasema wenye kupenda nyumba za zamani wazinunue. Watu wakamzomea. Mimi sikuzomea, maana nilikuwa bado namfikiria yule mwanafunzi. Mama wa Bibi alifungua mlango kwa sababu ya vijana kama yeye, wasio na pa kulala. Nikiizuia nyumba isibomolewe kwa jina la mama huyo, halafu kijana wa leo akakosa chumba, nimemheshimu nani?

Sina jibu lililokamilika. Ninachokiona ni kwamba mitaa hiyo sita ina maegesho matatu makubwa ya magari yasiyo na historia ya mtu, na bado kila mchoro wa jengo jipya niliouona umewekwa juu ya nyumba ambazo mtu anaishi.

Kisha Bibi akasimama. Sikujua kama angekuja.

"Sitaki mtu anichagulie rangi ya mlango," alisema. "Na sitaki mtu aubomoe."

Akakaa.

Kauli mbili, na kati yake pana ugumu wote wa sheria hizi. Wengi pale ukumbini waliamini kwamba nyumba ikiingia kwenye rejesta ya taifa haiguswi tena. Sivyo. Rejesta ni heshima, na inalazimisha ukaguzi pale ambapo fedha au kibali cha serikali kuu kinahusika. Mwenye nyumba akitumia fedha yake anaweza kuibomoa kesho. Kinachozuia tingatinga ni sheria ndogo ya mji wenyewe, ya aina ambayo Charleston ilitangulia kuitunga 1931, na hiyo ndiyo inayokuja na kamati ya kuidhinisha madirisha na vibaraza. Ukitaka kinga unakaribisha kamati. Ukikataa kamati, unabaki na kibandiko cha shaba ukutani.

Tena sheria hiyo ndogo isichelewe. Ann Arbor hiyohiyo niliyoisifu, mwaka 2010 baraza lake lilikataa kutangaza eneo la kihistoria kwenye mitaa ya karibu na katikati ya mji, baada ya kamati kulichunguza na kulipendekeza. Mwaka uliofuata nyumba saba za safu moja zikabomolewa, yakajengwa majengo ya kupangisha.

Na jambo jingine, hili lilinikosesha usingizi kweli. Serikali kuu inarudisha asilimia 20 ya gharama za ukarabati mkubwa wa jengo la kihistoria kupitia kodi ya mapato, lakini kwa majengo yanayoingiza fedha tu. Mwenye kupangisha nyumba kumi anaweza kuomba. Bibi anayelala kwenye nyumba aliyozaliwa hawezi. Majimbo mengine yana misaada yao ya kuziba pengo hilo, mengine hayana. Kwa hiyo tunapomwambia Bibi nyumba yake ni hazina ya umma, tunampa masharti ya umma na kumwachia bili.

Usiku ule nilikumbuka kisa cha Alcalá de Henares, Hispania. Chuo kikuu chake kilihamishiwa Madrid mwaka 1836, majengo yakauzwa kwa watu binafsi, mmoja akaanza kuyabomoa. Wakazi wakaungana 1850, wakatoa hisa 900 za reale 100 kila moja, wakayanunua majengo. Wakayatunza, na warithi wao wakayatunza, hadi chuo kilipofunguliwa tena 1977. Mji ulikihifadhi chuo kwa zaidi ya karne moja bila chuo kuwepo.

Mama wa Bibi naye alikihifadhi chuo. Wale tisa wa 1947 wasingemaliza masomo bila kibao kile cha kijani. Naona chuo kina deni hapa, na kamati inapaswa kulitamka kwa sauti: chuo kichangie paa na madirisha ya nyumba hizi kumi na mbili kabla ya mtu yeyote kumfundisha Bibi rangi ya mlango. Nimeandika barua mbili kwa ofisi husika. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nimeituma Jumatatu.

## Fomu ya pili

Nilimwambia mtaalamu kosa langu. Nilitegemea kukaripiwa. Alivuta fomu mpya kutoka kwenye mkoba akanikabidhi, akasema ramani ni rasimu hadi itakapopigiwa kura, na kwamba nizirudie zote kumi na mbili, safari hii nikiwa nimebisha hodi.

Nimebisha hodi tisa mpaka sasa. Nyumba ya tatu kutoka kona ilikuwa na darasa la kusoma la watu wazima sebuleni. Ya sita haina lolote ninaloweza kulithibitisha, na nimeandika hivyo.

Ya Bibi niliiacha ya mwisho kati ya hizo tisa. Sikutaka kuijaza barabarani, kwa hiyo nilikaa kwenye meza ya jikoni na kuandika mbele yake. Kuhusu plastiki ya ukutani niliandika ukweli: iliwekwa miaka ya 1980, imefunika mbao, inapunguza uhalisi wa vifaa. Akatikisa kichwa kukubali. Kwenye sehemu ya maelezo nikaeleza mlango A, vitabu vya wakazi, mwaka 1946. Nikaandika pia: "Jikoni pana kibao cha funguo chenye kulabu saba."

Nilimpa asome. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika hapo akaomba kalamu, akakata neno "saba", akaandika "nane" juu yake.

Nikamwambia za shaba ni saba, nimezihesabu.

Akainuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye ule msumari usio na namba. Ni wa waya, wa duara, umeingia kwa mshazari kidogo kama uliogongwa na mtu mwenye haraka.

"Huu ni wa kibaraza," alisema.